Parameta ipi ina nguvu kuliko nyingine? Kuhusu unyeti wa modeli za magonjwa ya kuambukiza

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Ninaandika tasnifu ya uzamili katika hisabati tumizi, na nimeunda modeli ya SEIR (inayogawa watu katika makundi manne: wanaoweza kuambukizwa, S; walioambukizwa lakini bado hawaambukizi, E; wanaoambukiza, I; na waliopona, R) ya ugonjwa unaosambaa kwa njia ya hewa. Parameta zangu, zote kwa siku, ni β = 0.4 (kasi ya kuambukiza), σ = 0.2 (kasi ya kutoka katika kipindi fiche, yaani muda kati ya kuambukizwa na kuanza kuambukiza wengine), γ = 0.14 (kasi ya kupona), δ = 0.01 (vifo vitokanavyo na ugonjwa) na μ = 0.0000457 (vifo vya kawaida). Nimepata R0 ya 2.67. Fahirisi za unyeti ni +1 kwa β, −0.933 kwa γ, −0.067 kwa δ, +0.0002 kwa σ na −0.0005 kwa μ. Nimehitimisha kwamba β ndiyo parameta muhimu kuliko zote na kwamba kipindi fiche hakina umuhimu. Msimamizi wangu ameandika pembeni mwa ukurasa, "Una hakika?", bila kuongeza neno. Nimekosea wapi? Na je, ni lazima nifanye pia PRCC (partial rank correlation coefficient, kipimo cha unyeti kinachosogeza parameta zote kwa pamoja) kama walivyofanya wenzangu?

Jibu: Marahaba, na asante kwa kuniandikia thamani zote za parameta, kwa sababu bila hizo ningekujibu kwa kubahatisha. Nimezirudia hesabu zako na hazina kosa. Kilichopungua kiko katika sentensi ya hitimisho: umeandika kwamba β ni muhimu kuliko zote, lakini hukuandika ni muhimu kwa lipi. Unyeti siku zote ni unyeti wa tokeo fulani kwa parameta fulani, na tokeo likibadilika, mpangilio mzima wa parameta zenye nguvu na zisizo na nguvu unaweza kupinduka. Wewe umepima tokeo moja tu, yaani R0, ambayo ni wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza akiwa katika jamii isiyo na kinga. Kutoka hapo umeruka hadi kwenye ugonjwa wenyewe, na nadhani ni huo mruko uliomfanya msimamizi wako akuulize kama una hakika.

Tuanze na kile ulichokipima. Fahirisi uliyotumia hupatikana kwa kuchukua kasi ya badiliko la R0 pale parameta p inapoguswa kidogo, kuizidisha kwa p, kisha kuigawa kwa R0, yaani (∂R0/∂p) × (p/R0). Kwa maneno ya kawaida, inajibu swali hili: parameta ikiongezeka kwa asilimia 1, R0 itabadilika kwa takriban asilimia ngapi? Modeli yako ina R0 = βσ / [(σ + μ)(γ + δ + μ)], na ukiitazama kwa utulivu utaona kwamba baadhi ya majibu uliyoyapata yalikuwa yamekwisha kuandikwa ndani ya fomula kabla hujashika kalamu.

Kabla ya kuendelea, nikupe kipimo kidogo cha kukagua hesabu ambacho nimekitumia kwa miaka mingi na ambacho sikioni kikifundishwa mara nyingi. Zijumlishe fahirisi zako tano. Ukitumia desimali za kutosha, jumla itakuwa sifuri. Hilo halikutokea kwa bahati: parameta zako zote ni kasi zinazopimwa kwa siku, ilhali R0 haina kipimo chochote, na kwa hiyo ukizizidisha kasi zote kwa mbili kwa wakati mmoja, ni kana kwamba umebadilisha saa tu, na R0 haina sababu ya kusogea. Jumla isipokuwa sifuri, ama kuna parameta uliyoisahau, ama umeteleza katika aljebra. Niliwahi kuisoma rasimu ambayo fahirisi zake zilijumlisha hadi karibu 0.3, na baada ya kutafuta tukagundua kwamba kasi ya watu kutengwa ilikuwa imeingizwa katika milinganyo lakini haikuingizwa katika fomula ya R0. Kosa la namna hiyo halionekani kwa macho, lakini jumla huliumbua mara moja. Zako zinajumlisha hadi sifuri, kwa hiyo tusonge mbele tukiwa na amani upande huo.

Sasa tuitazame β. Fahirisi yake ni +1 kamili, na ingekuwa +1 kama ungekuwa unashughulikia surua, mafua au ugonjwa wowote mwingine ambao modeli yake ina β iliyozidishwa mara moja tu juu ya mstari wa sehemu. Namba hiyo haikutokana na ugonjwa wako. Imetokana na nafasi ya β katika fomula. Zaidi ya hayo, β yenyewe ni fungu la vitu viwili au zaidi vilivyofungwa pamoja: idadi ya watu anaokutana nao mgonjwa kwa siku, na uwezekano kwamba mkutano mmoja utaleta maambukizi. Ukilifungua fungu hilo, kila kimoja kitapata +1 yake, na hutakuwa umejua kama ni bora kupunguza mikutano au kuvaa barakoa. Kusema kwamba β ndiyo yenye nguvu kuliko zote ni kweli kwa maana ya aljebra, lakini ni kweli isiyompa mtu habari, na hitimisho la tasnifu halipaswi kusimama juu yake peke yake.

Jambo la δ linahitaji uangalifu zaidi. Fahirisi yake ni hasi, maana yake vifo vya ugonjwa vikiongezeka, R0 inashuka. Msomaji asiye makini anaweza kudhani modeli inasema vifo ni kinga. Kinachotokea ni kwamba anayefariki mapema huacha kuambukiza mapema, na modeli inahesabu maambukizi tu, haihesabu uchungu wa msiba. Lakini hapa pana jambo lenye faida zaidi kuliko onyo hilo. Jaribu kuiandika modeli upya kwa kutumia vipimo ambavyo madaktari huviona moja kwa moja: muda wa kuambukiza D, ambao kwako ni 1/(γ + δ + μ), yaani kama siku 6.7, na uwiano f wa wagonjwa wanaofariki kwa ugonjwa, ambao kwako ni 0.01/0.15, yaani karibu asilimia 6.7. (Namba hizo mbili kufanana ni sadfa ya thamani ulizochagua.) Sasa R0 ni takriban β × D, na f imetoweka kabisa kwenye fomula, kwa hiyo fahirisi yake ni sifuri. Ugonjwa ni uleule na milinganyo ni ileile, lakini kifo kilichokuwa na fahirisi ya −0.067 sasa hakina kitu. Unyeti ulioupima kwa δ ulikuwa unyeti wa muda wa kuambukiza uliovaa jina jingine. Kwa hiyo fahirisi hutegemea pia jinsi ulivyochagua kuzitaja parameta, na ningekushauri utumie zile zinazopimika hospitalini na katika ufuatiliaji wa wagonjwa, badala ya zile zinazorahisisha tu uandishi wa milinganyo.

Kuhusu μ nitasema neno moja tu. Wengi huandika maambukizi kama βSI, yaani β mara wanaoweza kuambukizwa mara wanaoambukiza, bila kugawa kwa jumla ya watu, kisha huweka idadi ya mwanzo kuwa Λ/μ, ambapo Λ ni idadi ya wanaozaliwa. Wakifanya hivyo, R0 inapata μ nyingine chini ya mstari, fahirisi ya μ inaruka kutoka karibu sifuri hadi karibu −1, na nimeona watu wakiieleza kana kwamba ni ugunduzi kuhusu ugonjwa. Wewe umegawa kwa jumla ya watu, kwa hiyo mtego huo umeuepuka, lakini utaje katika tasnifu kwamba uliuchagua muundo huo na kwa nini.

Nimeiacha σ kusudi, kwa sababu ndiyo kiini cha swali lako. Umesema kipindi fiche hakina umuhimu kwa kuwa fahirisi yake ni 0.0002. Kwa R0, ni kweli kabisa: karibu kila aliyeambukizwa huvuka kipindi hicho akiwa hai, kiwe siku mbili au siku kumi, na akishavuka ataambukiza watu walewale kwa idadi. Lakini jamii inayovamiwa na mlipuko haioni R0. Inaona vitanda vikijaa, na swali la kwanza linaloulizwa ni vinajaa kwa kasi gani. Kasi ya ukuaji wa mlipuko mwanzoni, tuiite r, katika modeli yako inapatikana kwa kutatua (r + σ)(r + γ + δ) = βσ, ukiiacha μ kwa kuwa ni ndogo mno. Nimeitatua kwa thamani tatu za σ bila kugusa kitu kingine chochote. Kipindi fiche kikiwa siku 10, r ni 0.077 na wagonjwa wanaongezeka maradufu kila baada ya siku 9. Kikiwa siku 5 kama ulivyoweka, r ni 0.109 na idadi inajirudia mara mbili kila baada ya siku 6.4. Kikiwa siku 2.5, r ni 0.144 na muda huo unashuka hadi siku 4.8. R0 ni karibu ileile, takriban 2.67 katika hali zote tatu, tofauti ikiwa katika desimali ya tatu au ya nne. Parameta uliyoiita isiyo na umuhimu inaamua kama wahudumu wa afya watakuwa na siku tisa au siku tano za kujipanga kabla mzigo haujawa mara mbili.

Na si hayo tu. Hebu jiulize ile β ya 0.4 uliipata wapi. Hakuna anayeipima β kwa rula. Kwa kawaida tunaipata kwa kuilinganisha modeli na idadi ya wagonjwa iliyoripotiwa, na kinachoonekana katika ripoti za wiki za mwanzo ni ile kasi ya ukuaji r, si β wala R0. Tuseme takwimu zinaonyesha wagonjwa wanaongezeka maradufu kila baada ya siku 6, yaani r = 0.1155. Ukigeuza mlinganyo, R0 = (1 + r/σ)(1 + r/(γ + δ)). Sasa kipindi fiche kikidhaniwa kuwa siku 2.5, R0 inatoka 2.28, kikidhaniwa kuwa siku 5, inatoka 2.79; kikidhaniwa kuwa siku 10, inatoka 3.82. Takwimu hazijabadilika hata mgonjwa mmoja. Kilichobadilika ni dhana yetu kuhusu σ, na dhana hiyo imeipandisha R0 kutoka 2.28 hadi 3.82, jambo ambalo linabadilisha hata asilimia ya watu wanaopaswa kuchanjwa. Kwa chanjo inayokinga kikamilifu, kizingiti ni 1 − 1/R0, kwa hiyo tunazungumzia asilimia 56 upande mmoja na asilimia 74 upande mwingine.

Nakuomba uisome tena aya hiyo, kwa sababu ndiyo ningependa uielewe kuliko nyingine zote. Fahirisi ya 0.0002 ilipatikana kwa kuishikilia β mahali pamoja na kuisogeza σ peke yake. Lakini β na σ hazisafiri kila moja peke yake; zimefungwa pamoja na takwimu zilizotumika kuzikadiria, na ukiivuta moja, nyingine lazima ifuate ili modeli iendelee kukubaliana na kilichoonekana. Ukizipuuza kamba hizo, unapima unyeti wa modeli ambayo haipo, yaani modeli ambayo β yake ilijulikana kwa njia isiyotegemea σ.

Kuna tokeo jingine linalostahili kutazamwa kabla ya kuingia katika PRCC, nalo ni jumla ya watu watakaoambukizwa mpaka mlipuko uishe. Kermack na McKendrick, katika makala yao ya mwaka 1927, walionyesha kwamba mlipuko huisha kabla haujammaliza kila mtu. Katika modeli rahisi isiyohesabu kuzaliwa wala vifo, sehemu z ya watu wanaoambukizwa inatimiza mlinganyo z = 1 − e^(−R0·z). Chukua ugonjwa wenye R0 ya 1.1 na uongeze β kwa asilimia 10: R0 inakuwa 1.21, na z inapanda kutoka asilimia 17.6 hadi 32.5, karibu maradufu. Chukua mwingine wenye R0 ya 3 na uongeze β kwa asilimia zilezile 10: z inatoka asilimia 94.0 hadi 95.8 tu. Fahirisi ya β kwa R0 ni +1 katika hali zote mbili, lakini kwa mtu anayetaka kujua ni wangapi wataugua, parameta hiyohiyo ni nyeti mno karibu na kizingiti cha R0 = 1 na karibu haina unyeti mbali nacho. Ndiyo sababu fahirisi za aina yako huitwa za mahali pamoja: zinasema kweli pale uliposimama, na hazikuahidi kitu kuhusu upande wa pili wa mlima.

Historia ya malaria inalionyesha jambo hili vizuri kuliko mfano wowote ninaoujua. Ronald Ross, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kazi yake juu ya malaria na mbu, ndiye aliyeanza kuandika milinganyo ya maambukizi hayo, na George Macdonald akaiendeleza katika miaka ya 1950. Fomula inayobeba majina yao ni R0 = m a² b c e^(−gn) / (r g), ambapo m ni idadi ya mbu kwa kila mtu, a ni mara ambazo mbu mmoja huuma watu kwa siku, b na c ni uwezekano wa maambukizi kupita upande mmoja na upande mwingine, g ni kasi ya vifo vya mbu, n ni siku ambazo kimelea huhitaji kukomaa ndani ya mbu, na r, ambayo hapa si kasi ya ukuaji wa mlipuko, ni kasi ya mtu kupona. Fahirisi ya m ni +1. Ya a ni +2, kwa kuwa mbu lazima aume mara mbili: kuuchukua ugonjwa na kuutoa. Ya g ni −(1 + gn). Mbu akifa kwa kasi ya 0.1 kwa siku na kimelea kikihitaji siku 10, inakuwa −2. Kwa hiyo kufupisha maisha ya mbu mkubwa kuna nguvu mara mbili ya kupunguza idadi ya mbu kwa kuua viluwiluwi. Macdonald aliliona hilo, na hoja hiyo ikawa nguzo ya kupulizia DDT, dawa ya kuua wadudu, ndani ya nyumba wakati Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wa kutokomeza malaria duniani mwaka 1955.

Hapo kuna mafunzo kadhaa yaliyojificha. La kwanza ni kwamba m na g si parameta huru, kwani mbu wakifa haraka, idadi yao nayo inapungua. Ukiandika m kuwa idadi ya mbu wanaoibuka kwa siku ikigawanywa kwa g, unapata g nyingine chini ya mstari, na fahirisi inakuwa −3 badala ya −2. La pili ni kwamba fahirisi haifai kupigiwa hesabu kwa mabadiliko makubwa. Ukipandisha g kwa asilimia 10, R0 inashuka kwa asilimia 17.7, si mbali na 20 zilizotabiriwa. Lakini ukiizidisha g mara mbili, fahirisi ya −2 ingetabiri kushuka kwa asilimia 200, jambo lisilo na maana, ilhali fomula yenyewe inasema R0 itabaki asilimia 18 ya ilivyokuwa. La tatu ni kwamba hatua za afya hazigusi herufi moja moja. Chandarua chenye dawa kinamzuia mbu kuuma na pia kinamuua, kwa hiyo kinagusa a na g kwa pamoja, na nguvu yake haionekani katika mstari mmoja wa jedwali. La nne ndilo linalonigusa zaidi. Fomula ile iliichukulia g kama namba inayoweza kupandishwa na kubaki juu, lakini mbu wakajenga usugu dhidi ya DDT, na usugu haukuwa na herufi yake katika mlinganyo. Mpango ule ulisitishwa mwaka 1969, kwa sababu nyingi zikiwemo za fedha na utekelezaji, na usugu ukiwa mmojawapo. Uchambuzi wa unyeti hauwezi kukuonya kuhusu parameta ambayo hukuiandika.

Sasa PRCC. Wenzako wanaifanya kwa sababu nzuri: fahirisi za mahali pamoja husogeza parameta moja kwa hatua ndogo, na tunataka kujua kinachotokea parameta zote zikisogea kwa pamoja katika upana wote tusio na hakika nao. Mbinu ya kuchota sampuli inayotumika zaidi, LHS (Latin hypercube sampling), ilielezwa na McKay, Beckman na Conover mwaka 1979. Inaugawa upana wa kila parameta katika vipande vyenye uwezekano sawa na kuhakikisha kila kipande kimechotwa mara moja, ili usije ukarundika sampuli zako zote upande mmoja. Mwaka 1994 Blower na Dowlatabadi waliitumia pamoja na PRCC katika modeli ya maambukizi ya VVU, na tangu hapo imekuwa desturi katika fani yetu. PRCC hupanga thamani kwa daraja, huondoa mchango wa parameta nyingine, kisha hutoa namba kati ya −1 na +1 inayoonyesha uhusiano uliobaki kati ya parameta moja na tokeo.

Si lazima uifanye kwa R0 yako, na kwa kweli ningekushauri usiifanye kwa hiyo, kwa sababu una fomula kamili mkononi na uelekeo wa kila parameta unauona kwa macho. Ifanye kwa matokeo yasiyo na fomula: siku ya kilele, ukubwa wa kilele, idadi ya vifo ndani ya mwaka mmoja. Ila kabla ya kuiamini, chora tokeo dhidi ya kila parameta, kwa maana PRCC inafaa tu pale uhusiano unapokwenda upande mmoja, kupanda moja kwa moja au kushuka moja kwa moja. Mfano wa hatari yake uko palepale kwenye malaria. Utafiti ulioongozwa na Erin Mordecai na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba maambukizi hufikia kilele joto likiwa karibu nyuzi 25 za Selsiasi, na hupungua pande zote mbili. Mtu akichota joto kwa usawa kuanzia nyuzi za chini hadi za juu za kilele hicho, upande unaopanda na upande unaoshuka zitabatilishana, PRCC itatoa namba iliyo karibu na sifuri, na ataandika kwamba joto halina athari kwa malaria. Kwa uhusiano wa aina hiyo kuna mbinu ya Sobol, ambayo hugawa mtawanyiko wa tokeo na kuonyesha kila parameta imechangia kiasi gani, peke yake na kwa kushirikiana na nyingine. Gharama yake ni kubwa zaidi: kwa utaratibu wa kawaida, parameta 5 zenye sampuli ya msingi ya 1,000 zinahitaji kuiendesha modeli mara 7,000. Kwa modeli ndogo kama yako kompyuta ya kawaida itamaliza bila taabu.

Jambo linaloharibu tasnifu nyingi kuliko uchaguzi wa mbinu ni upana uliowekewa parameta. Kuna desturi ya kuzipa zote upana uleule, kwa mfano kuongeza na kupunguza asilimia 50, kwa sababu inaonekana ni haki. Si haki, kwa kuwa inadai kwamba ujinga wetu ni sawa kwa kila kitu. Umri wa wastani wa kuishi unajulikana vizuri kutokana na sensa, wakati sehemu ya watu wanaoambukiza bila kuonyesha dalili inaweza kuwa haijulikani hata kwa kukadiria. Parameta yenye fahirisi ya 1 iliyojulikana kwa asilimia 5 inayumbisha tokeo kwa takriban asilimia 5. Yenye fahirisi ya 0.3 ambayo tunaijua kwa asilimia 60 tu inaliyumbisha kwa takriban 18. Ya pili ndiyo inayostahili fedha za utafiti, ingawa katika jedwali lako ingekaa chini. Kwa hiyo kila upana utakaoweka uwe na sababu iliyoandikwa, na pale parameta mbili zinapotegemeana, kama β na σ, usizichote kila moja kivyake. Chota σ, kisha itafute β inayolingana na kasi ya ukuaji iliyoonekana.

Na tafadhali usiambatanishe nyota za umuhimu wa kitakwimu kwenye PRCC zako. Sampuli hizo umezitengeneza wewe kwa kompyuta. Ukiongeza idadi ya kuendesha modeli kutoka 500 hadi 50,000, hata uhusiano wa 0.02 utapata nyota. Linganisha ukubwa wa namba zenyewe, uonyeshe kwamba hazibadiliki unapoongeza sampuli, na hiyo inatosha.

Turudi kwenye ile sentensi iliyoandikiwa "Una hakika?". Ifute, na mahali pake uandike kitu cha namna hii: "Kwa R0, parameta zenye uzito ni kasi ya kuambukiza na muda wa kuambukiza, nao uzito huo unatokana moja kwa moja na muundo wa fomula. Kipindi fiche hakina athari kwa R0 pale β inaposhikiliwa, lakini kinaathiri sana kasi ya ukuaji wa mlipuko, na pia kinaathiri makadirio ya R0 yenyewe pale β inapokadiriwa kutokana na takwimu za wagonjwa." Kando ya jedwali la fahirisi weka grafu moja yenye mikondo mitatu ya idadi ya wagonjwa kwa siku, kwa σ ya 0.1, 0.2 na 0.4, na chini ya kila mkondo uandike R0 yake. Msimamizi wako ataona mikondo mitatu iliyoachana kwa wiki kadhaa, na chini yake namba karibu ileile, takriban 2.67.